Shemeji Nakala na Sauti ya Mama

Shemeji yangu, mume wa dada yetu mkubwa, ni mtunza stoo katika karakana ya pampu za maji, na ukimsikiliza utadhani maji yenyewe ameyabuni yeye. Tunamwita Nakala. Jina alijipa mwenyewe kwa domo lake, maana kila kitu kikipotea nyumbani, hata soksi, yeye hudakia, "Ndiyo maana nawaambieni wekeni nakala!"

Mtu ana bahasha ya nakala za vyeti vyake na bahasha nyingine ya nakala za nakala. Ana funguo za akiba za kufuli alizokwisha kuzitupa. Dada akimwuliza za nini, anamwangalia kwa huruma, kama mwalimu anayemwangalia mtoto mzito wa hesabu.

Sasa, mama yetu alifariki mdogo wetu wa mwisho akiwa bado anatambaa. Shangazi akamchukua akamlea mbali. Picha za mama anazo, amezikodolea macho mpaka kingo zimelika. Sauti ndiyo hakuwahi kuijua. Na sauti ilikuwapo: mama alirekodiwa kwenye mkanda wa kamera, amempakata huyohuyo mtoto, anampigisha soga, anamwimbia na kumsimulia usiku aliozaliwa. Hatukuwa na mkanda mwingine wa namna hiyo.

Msiba ulipopoa, Nakala akauchukua ule mkanda. "Mikanda inaota ukungu. Nauhamishia kwenye diski." Akarudi na diski ya kufuta na kuandika upya, anaizungusha kidoleni. "Hii unaandika, unafuta, unaandika tena mpaka uchoke. Teknolojia hii, shemeji!" Nikamwuliza mkanda uko wapi. Akasema amerekodi mpira juu yake. "Si nakala ipo?"

Damu ilinichemka, lakini Dada alinikanyaga mguu chini ya meza, nikameza.

Ile diski haikupumzika hata kidogo. Palipobaki nafasi aliweka picha za gari alilotamani kununua. Akazifuta, akaweka mahesabu ya stoo. Akayafuta, akaweka nyimbo. Kila akiingiza kitu, anamtoa mama kwanza na kumweka kwenye kompyuta ya ofisini, kisha anamrudisha. Baadaye akaibandika karatasi yenye maandishi makubwa, MAMA MKWE, USIGUSE, akaisimamisha dirishani sebuleni kila mgeni aione, jua la mchana likiipiga usoni. Na kila mdogo wetu alipokuja kutusalimia, siku hiyo umeme haupo, au deki ya kuchezea diski iko kwa fundi. "Usiwe na wasiwasi," Nakala anamwambia, "iko salama."

Jumapili moja mdogo wetu akaja, mjamzito, miguu imemvimba. Akakaa kwenye kochi akasema, "Shemeji, leo siondoki. Nataka kusikia sauti ya mama kabla sijaitwa mama mimi." Umeme ulikuwapo. Deki ilikuwapo. Nakala akakohoa kama mgeni rasmi, akaitia diski.

Deki ikazunguka, ikakwaruza, ikanyamaza. Kwenye skrini: HAKUNA DISKI.

"Vumbi hilo," akasema. Akaifuta kwa shati. HAKUNA DISKI. Akaipaka dawa ya meno, jamani, dawa ya meno! Akaisugua kwa mswaki, akaisuuza, akaikausha. HAKUNA DISKI, na sebule nzima ikawa inanukia kinywa cha asubuhi. Mdogo wetu alishika tumbo tu, machozi yanamdondokea kwenye kitenge.

"Na ya kompyuta ya ofisini?" nikauliza.

"Kompyuta waliibadilisha." Halafu, bila haya, akaanza somo. Kwamba diski hizi za kufutika hazichongwi alama za kudumu, zina utando tu unaobadilishwa hali kwa mwanga mkali, na utando huo hauchelewi kufifia, hasa ukifutwafutwa, hasa ukiachwa juani. Mwenyewe alisoma hayo kwenye kikaratasi kilichokuja na diski.

"Kwa hiyo ulijua!" nikamfokea. "Ulijua, ukamwanika mama dirishani kama nguo!"

Akajikuna kichwa. "Huenda tatizo ni deki."

Dada akainuka. "Haya, tuijaribu deki. Leta diski ya hotuba yako."

Hiyo ilikuwa ya sherehe ya kupandishwa kwake cheo, mama akiwa hai. Hotuba yake mwenyewe, bwana mkubwa aliichomea kwenye diski nzuri, ile ya kuandikwa mara moja isiyofutika, akaifungia kabatini ndani ya kasha. Ajabu ni kwamba hakutuonyesha hata siku moja. Alipoisikia ikitajwa, akapauka. "Hiyo haina maana." Dada alikwenda kabatini akaileta, akaitia.

Ikawaka papo hapo, safi, rangi zote. Nakala amesimama na tai, anazungumzia nidhamu ya stoo. Anazungumza. Bado anazungumza. Ghafla, karibu kabisa na kamera, sauti ya mwanamke, nzito kidogo, yenye kicheko ndani yake:

"Jamani, huyu hana breki? Kaa chini, baba, chakula kinapoa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kwenye skrini Nakala akabaki mdomo wazi. Kwenye kochi mdogo wetu akanishika mkono, kucha zikaniingia.

"Ni yeye?"

"Ndiye," nikasema, na mimi nilikuwa nalia.

Tukairudisha, tukaisikiliza tena na tena. Nakala alisimama pembeni na mswaki mkononi. "Nilijaribu sana kuikata hiyo sehemu," akanong'ona. "Haikufutika."

Mtoto alizaliwa salama, wa kike. Mdogo wetu anapombembeleza hana wimbo wa mama wa kumwimbia, huo umekwenda na utando. Anamwimbia alichonacho, polepole, kwa sauti nzito kidogo: kaa chini, baba, chakula kinapoa. Mtoto analala. Na Nakala, akiwa sebuleni akausikia wimbo huo, popote alipofika na hadithi zake, anakaa chini.