Kumwogesha Chatu wa Memsahib

Watu wakisikia kwamba niliwahi kumwogesha chatu kwa maji vuguvugu hucheka, halafu huniuliza kama sikuogopa. Niliogopa siku mbili za kwanza. Baada ya hapo nilichoka tu, na ule uchovu ndio ninaoukumbuka kuliko nyoka mwenyewe.

Mimi na mume wangu tulikaa kwenye shamba la wazungu upande wa Endebess. Tulikuwa tumetoka kwetu Kibabii mwaka uliofuata harusi. Yeye aliendesha plau ya ng'ombe. Mimi nilifua na kupiga pasi kwa memsahib, mjane aliyesimamia shamba lake mwenyewe. Kwa kazi hiyo tulipewa kibanda na ekari mbili karibu na mto, tulime mahindi yetu. Na ndani ya ekari hizo tulikuwa tumemzika mtoto wetu.

Alizaliwa mvua zilipoanza, akaishi siku nne. Kwetu angezikwa karibu na nyumba, kila mtu akijua ni wapi. Lakini pale hatukuruhusiwa kuzika. Maiti ilitakiwa irudishwe rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa watu weusi, na Bungoma ilikuwa mbali, barabara zote tope tupu. Mume wangu alichimba asubuhi na mapema, msimamizi akiwa bado hajaamka, kisha tukapanda mahindi juu yake kama kwingine kote. Hatukuweka jiwe. Tangu siku hiyo sikutaka kusikia habari ya kuhama hata kwa dawa. Ningefanya lolote nisitolewe pale, na hilo lolote likaja kuwa nyoka.

Memsahib alikuwa amemfuga chatu huyo tangu akiwa mwembamba kama mkanda, wafanyakazi walipomkuta wakifyeka pori la mto. Alimweka katika stoo iliyopakana na jiko ili apate joto, ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye majani makavu. Alimlisha sungura. Alimwita mzee. Wakati ninaousimulia alikuwa na urefu wa watu wawili, na sote tuliamini ni dume kwa kuwa memsahib alisema ni dume.

Kisha memsahib akaugua, ikabidi aende Nairobi kupasuliwa. Kabla ya kupanda gari aliniita stooni.

"Wewe angalia nyoka yangu muzuri," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi kwisha rudi, kama yeye kufa, wewe na bwana yako toka shamba."

Nikasema ndiyo memsahib. Mpishi aliapa kwamba hatasogea hata mlangoni, na msimamizi akasema yeye ni msimamizi wa watu. Basi nikabaki mimi, na maziwa bado yanalowesha nguo yangu kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo.

Hata wiki mbili hazikwisha, dume letu likataga mayai. Niliingia na ndoo ya maji nikamkuta amejizungusha juu ya rundo jeupe, mayai makubwa kuliko ya bata, yameshikana. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Hata nyoka amezaa!

Nilimpa sungura, akageuza kichwa. Nilimletea maji, hakuyagusa. Siku zikaenda. Ngozi yake ilianza kulegea ikafanya mikunjo, na uti wa mgongo ukajitokeza mpaka ungeweza kuhesabu pingili. Kila asubuhi, kabla sijawasha makaa ya pasi, nilikwenda kwanza kutazama kama anapumua. Jioni nilikwenda tena, miguu imevimba kwa kusimama. Mume wangu aliniuliza kila siku swali lile lile, "Bado yuko?" nami nilimjibu bado, kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyemleta.

Ndipo mama mkwe wangu alipofika kutoka Kibabii, sehemu kwa treni na sehemu kwa miguu, na mfuko wa wimbi kichwani. Habari za mtoto zilikuwa zimemfikia kwa kuchelewa. Alikuwa mkunga, mwanamke wa maneno machache na mikono migumu. Nilipomwambia kazi niliyoachiwa alitema mate kando. Kwetu kila mvulana anayetahiriwa huambiwa kwamba tohara yenyewe ilitokana na mtu aliyeua joka lililokuwa likimaliza watu.

"Nyinyi mumekuwa watu gani?" akaniuliza. "Hii kitu sisi tunaua. Hatuipi maji."

"Akifa tunafukuzwa, mama. Na yule tuliyemlaza pale chini atabaki na nani?"

Akasema nimpeleke akamwone. Alisimama mlangoni mwa stoo, akamtazama yule nyoka kwa muda mrefu, akayatazama mayai.

"Si mulisema ni dume?"

"Memsahib ndiye alisema."

"Memsahib amezaa wangapi?"

"Hata mmoja."

"Basi." Akafunga leso yake kiunoni. "Huyu ni mzazi. Sasa nani anamkanda?"

Hivyo ndivyo tulivyomwogesha. Tulichukua beseni la bati la kufulia, tukachanganya maji mpaka yakawa vuguvugu, tukambeba, yeye upande wa kichwa na mimi upande wa mkia. Hakuwa na nguvu hata ya kujiviringisha mkononi. Mama mkwe alimmwagia maji taratibu kwa kata, akimpapasa mgongoni na kumsemesha kwa lugha yetu maneno aliyokuwa akiwaambia wanawake. Chatu akainamisha kichwa akanywa. Alikunywa na kunywa, koo likipanda na kushuka. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu mvua zianze.

Lakini alirudi kwenye mayai yake, na chakula akakataa. Hapo tulikosea, kwa sababu tulifuata ya kwetu. Mzazi hatoki kwa mtoto wake. Huletewa kila kitu pale pale alipo, moto huwashwa, mlango hufungwa. Tulimfungia stoo, tukachochea jiko la upande wa pili mpaka mpishi akalalamika, tukamwekea sungura karibu na kichwa. Tukamngoja apone. Akazidi kukonda.

Siku nyingine nilipofungua mlango harufu ikanikaba. Mayai yalikuwa ya manjano, yamebonyea, nzi wamejaa. Hapakuwa na dume lililowahi kumkaribia. Yalikuwa matupu tangu mwanzo, na yeye alikuwa anajimaliza juu yake.

"Yaondoe," mama mkwe akasema.

Nilikataa. Sijui nini kilinipata. Nilimpigia kelele mama wa mume wangu, jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sikulifanya tena. Nikamwambia mimi pia waliniondolea mtoto mikononi asubuhi ile ile, hata hajapoa sawasawa, na hakuna aliyeniuliza kama nimemaliza kumshika.

Hakukasirika. Alisema tu, "Ungekaa naye mpaka lini, mwanangu?"

Nikaingia mwenyewe. Nilimfunika kichwa kwa gunia, nikayabandua mayai na kuyatia ndooni. Alinigonga mkono mara moja na pua yake, mdomo umefungwa, pigo la mgonjwa. Niliyatupa katika shimo la takataka nyuma ya zizi, kwa haraka, kwa kuwa sikutaka kulia juu ya mayai ya nyoka. Nililia hata hivyo. Tukamwogesha tena ili harufu ya mayai imtoke, tukasugua sanduku kwa sabuni ya mche, tukabadilisha majani yote.

Siku tatu alitafuta. Alizunguka kila kona ya stoo akinusa kwa ulimi, anarudi pale pale, anaanza tena. Nilimwonea huruma na nilimchukia, yote mawili. Siku ya nne alitulia.

Mama mkwe akachagua sungura mnono kuliko wote, kwani mzazi hula akashiba. Safari hii chatu alimmeza, na kesho yake akamtapika mzima, akalala kama kamba iliyotupwa. Nilidhani amekufa. Nilianza kufikiri tutabeba nini na tutaacha nini. Tulimwacha wiki nzima kwa maji matupu, kisha mume wangu akaleta panya mdogo aliyemuua ghalani. Akammeza, na panya huyo akakaa tumboni. Baada ya siku kadhaa tukampa mwingine, halafu wawili. Mwishowe alijivua gamba lote zima, na ngozi iliyotoka chini yake iling'aa. Mama mkwe alisema kazi yake imekwisha, akarudi Kibabii.

Memsahib alirudi na fimbo, amekonda kuliko nyoka wake. Nilipomweleza habari za mayai alicheka mpaka akashika kidonda. Alimpakata chatu, akampapasa, machozi yakamtoka.

"Wewe mama muzuri sana," akaniambia. "Mimi taka toa wewe zawadi."

Zawadi ilikuwa nyumba ya mabati kando ya barabara ya Kitale, na ekari tatu badala ya mbili. Zile za mto angeziunganisha na shamba lake kubwa. Alikuwa akizitaka kwa muda mrefu. Tungehama tukishavuna.

Nilisimama mbele yake na mikono nyuma. Kama ningetaja kaburi, angejua tulizika kwenye ardhi yake kwa siri, na wangekuja watu kufukua. Kama ningekataa nyumba ya mabati, angeuliza kwa nini. Nikasema, "Asante, memsahib."

Tulivuna, tukahama. Mvua zilipokaribia, ng'ombe wakapelekwa upande wa mto, na aliyeshika plau alikuwa mume wangu, kwa kuwa ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa naanika mashuka ya memsahib, na kutoka kwenye kamba ya nguo ningeweza kuwaona wote. Alipofika mahali pale tulipomlaza mtoto aliinua plau juu, akatembea nayo hatua mbili, akaishusha tena. Msimamizi akamfokea kwa kulima vibaya. Mume wangu akaomba radhi, akageuza ng'ombe, akarudia mstari, safari hii bila kuinua plau.