Mama Anaitikia Kisanduku cha Dawa, Mimi Hanijui

Admin, jina langu liweke pembeni, maana hapa Ngagara, Bujumbura, tunajuana. Mimi ni mama wa miaka 49, nina mume na watoto watatu. Mama yetu ana miaka 81 na ugonjwa wa kusahau. Alituzaa wawili tu, mimi na mdogo wangu, nimwite Goreti, anayeishi Ubelgiji.

Nilimtunza Mama kwangu miaka sita. Nilimuogesha, nilimlisha, nilimfuata barabarani alipotoka kutafuta nyumba ya marehemu baba yake. Mgongo uliponishinda tukampeleka kwa masista wanaotunza wazee, huko Kanyosha. Kila Jumatano na Jumapili nilikuwa pale, nachukua nguo zake nikazifue mwenyewe.

Mwaka jana Goreti akatuma kisanduku cha dawa. Saa ikifika kinalia, kinafungua tundu moja la vidonge, halafu sauti aliyoirekodi inasema: "Mama, ni mi Goreti. Kunywa dawa, mama yangu muzuri." Mama, aliyekuwa anawatemea masista dawa zake za presha, akaanza kumeza bila neno. Wote tulifurahi. Mimi nilifurahi wiki moja.

Kisha akaanza kukijibu. Anakisimulia alichokula, anakiwekea ndizi. Jumapili moja nimepiga magoti namkata kucha za miguu, kikalia. Akatabasamu, akamwambia sista, "Mutoto wangu hawezi kuniacha. Kila siku ananikumbuka."

Sista akaninyooshea mkono. "Na huyu je, bibi?"

Mama akaniangalia sana. "Huyu ni ule mama anafuaka nguo. Anafanya kazi muzuri."

Niliendelea kukata kucha.

Goreti hajakanyaga Bujumbura miaka tisa. Nilipomweleza kwenye simu alicheka kidogo. "Dada, usionee mashini wivu. Ni ugonjwa tu."

Jumatano nikafuta sauti yake, nikarekodi yangu na jina langu. Sista nilimdanganya kwamba Goreti ndiye kaniomba. Kilipolia nilikuwa nimekaa karibu na Mama. Alisikiliza, akavisukuma vidonge vikamwagika chini. "Apana. Huyu mi simujui. Goreti ako wapi?"

Kesho yake sista akanipigia: "Mama anakataa dawa. Rudisha sauti ya zamani." Nikamjibu, "Atazoea." Sauti ya zamani nilikuwa nimeshaifuta, lakini ningeweza kumwomba Goreti atume nyingine. Sikumwomba. Akanipigia tena siku ya tatu, nikajibu vilevile.

Siku ya tano Mama alianguka. Mdomo umeenda upande, mkono wa kulia haunyanyuki tena. Daktari alisema ni presha, dawa zilikatika.

Goreti anafika Jumamosi. Jana alinipigia analia: "Asante, Dada. Bila wewe Mama angekuwa amekufa peke yake." Nikaitikia, "Ndiyo, mdogo wangu." Sista bado hajamweleza mtu, ila ananitazama, na najua akiulizwa atasema.

Mume wangu anataka ninyamaze, eti ukweli hautamnyanyua Mama. Lakini kuna jambo hata yeye sijamwambia. Kila siku namlisha Mama uji kwa kijiko, unamwagika kidevuni, yeye anaita Goreti kwa ule mdomo uliopinda, nami nikimfuta bado nina hasira naye. Nilidhani baada ya nililomfanyia hasira ingeisha. Haijaisha.

Ndugu zangu, nimwambie Goreti kabla hajamwona Mama, au ninyamaze? Na hii hasira niipeleke wapi?