Jaribio Lililoachwa Makusudi

Pale ofisi ya maji walimwita Bwana Kasoro, na jina likamkaa. Ripoti ikipita mezani kwake hairudi salama: atakuta hapa nukta imezidi, pale tarehe imegeuzwa. Wenzake wakimwona anakuja walijifanya wako kwenye simu. Nyumbani hakukuwa hata na wa kumkimbia. Mkewe alikwenda kumsaidia binti yao kulea mtoto, miezi mitatu ikawa miaka miwili.

Mtu wa namna hiyo angeangukia wapi kama si kwenye programu ya kutafuta makosa? Ilikuwa programu huria, haina mwenyewe: inasoma kazi za waandishi wa programu nyingine na kuwaonyesha walipokosea. Yeyote aliweza kuiongezea kanuni mpya, mradi msimamizi akague na kuridhika. Msimamizi aliyempata alijiita Kunguru. Hakuwahi kumwona sura wala kumsikia sauti.

Mara ya kwanza Bwana Kasoro alisahau kweli kuambatanisha jaribio, ile mistari michache ya kuthibitisha kwamba kanuni inafanya kazi. Kunguru akamwandikia: "Ndugu, jaribio liko wapi? Au limekwenda kunywa chai?" Alicheka peke yake mpaka akaona haya. Akajibu, naye akajibiwa. Kunguru akamuuliza anaishi na nani, akamsimulia pia jinsi magoti yanavyomsumbua mama yake.

Mara ya pili hakusahau. Aliliandika jaribio, akalifuta, ndipo akatuma. Ndiyo, yeye huyo aliyewatoa watu jasho kwa ajili ya nukta! Alifanya hivyo miezi saba, na kila akitoka kazini alifungua kompyuta kabla ya kuvua viatu.

Kisha Kunguru akaandika: "Ndugu yangu, kosa hili lako, na wengine wanalo pia, limenichosha, na mama anahitaji muda wangu. Tunga kanuni ya kulinasa, mashine ijibu yenyewe. Nani analijua kuliko wewe?"

Bwana Kasoro aliandika, "Nilikuwa naacha makusudi, nipate mtu wa kuzungumza naye." Akasoma mara mbili, aibu ikamshika, akafuta. Angeweza pia kuitunga kanuni ovyo ovyo isinase kitu, na hilo alilifikiria, msimwone malaika. Lakini mikono ilikataa. Aliitunga siku nne, safi, pamoja na jaribio lake. Kunguru alituma alama ya dole gumba, basi.

Wiki iliyofuata alituma kazi nyingine, jaribio akaliacha nje kama kawaida yake. Jibu lilifika kabla hajaegemea kiti: "Jaribio halipo." Moyo ulimruka kwa furaha, kisha akaona hakuna "ndugu". Alikaa pale akisubiri ujumbe wa pili, ingawa kanuni ile aliitunga mwenyewe na alijua hautakuja.