Wazimu wa Dungu

Juzi mvua ilimfungia mgeni wa Kifini katika nyumba ya wageni ninayoiendesha hapa Kibiti. Hatimaye alitoka chumbani nywele timutimu, akaniambia kwao mtu wa namna yake ana jina: mökkihöperö. Mökki ni kibanda, höperö ni mtu ambaye akili zimeanza kumruka. Wameyaunganisha maneno hayo kwa ajili ya yule anayefungiwa peke yake wakati wa theluji. Nilicheka, ndugu yangu, mpaka akashtuka. Nilidhani ugonjwa ule ni wetu sisi watu wa bondeni.

Utotoni mwangu, mafuriko yalipojaa, mimi na bibi tulihamia dunguni, kibanda chetu cha miguu mirefu katikati ya mpunga, tukaamia ndege. Chini maji, na ndani ya maji mamba. Mtumbwi alikuwa nao mjomba, anakuja akijisikia. Tulipika kambale humo humo, moshi ukitutoa machozi, na kutwa nzima nilipiga debe bovu kuwafukuza ndege. Nilipachukia pale juu.

"Bibi, nishushe!"

"Nikushushe wapi, mke mwenzangu? Kinywani mwa mamba?"

Kilichotuponya ni salamu ya magharibi. Dungu moja liliita, "Mpooo?" na jingine likajibu, "Tupooo!" Jioni moja jirani yetu, mjane aliyekaa peke yake, hakujibu. Bibi akaita tena. Kimya, ingawa moshi wake tuliuona.

"Dungu limempanda," bibi akanong'ona, na nikaona anaogopa. Mtu wa hivyo huweza kushuka ngazi akidhani chini ni nchi kavu, nasi hatukuwa na mtumbwi wa kumfuata. Akaninyang'anya debe, akalipiga, akaita, akaimba, akamsema hadi mapishi yake. Mwishowe ikatoka sauti kali: "Hebu ninyamazie, bi mkubwa, kichwa chaniuma!" Bibi aliketi akacheka huku analia.

Siku hizi mafuriko hayaji kama zamani, na madungu mengi yameoza. Bibi naishi naye hapa. Miguu yake imekataa, na ukuta wa jirani umeziba dirisha lake. Majirani tunajuana kwa sauti za televisheni tu. Lakini magharibi ikifika, bibi huweka viganja mdomoni na kuuita ukuta: "Mpooo?"

Jana sikuvumilia. Niliacha sufuria, nikajibu kutoka jikoni, "Tupooo!"

"Sijakuuliza wewe," akasema, akatega tena sikio ukutani.