Kikohozi Ambacho Sikukisikia

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa muuguzi katika zahanati ndogo ya mtaa huku Eastlands, Nairobi, na nilikuwa na kiburi cha masikio. Wagonjwa wakiwa bado kwenye benchi nje, mimi ndani nilishajua: huyu ni homa, yule ni pumu, huyo wa mwisho apimwe makohozi. Kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Mke wa dereva mmoja wa lori alileta makohozi yake ya asubuhi kwenye kichupa, kama tulivyowaagiza wote. Yakakutwa na kifua kikuu. Nikamfungulia kadi: vidonge vya kumeza nyumbani, na sindano kwetu kila siku kwa miezi miwili. Alikuwa akipanga foleni, anadungwa, anashukuru, anaenda. Foleni ilikuwa ndefu nami nilikuwa na hasira za karibu. Sikumsikiliza kifua hata mara moja.

Wiki ya tano akaniambia, "Sista, maskio inalia tu. Kama redio imetoka stesheni."

"Dawa ni kali, mama. Vumilia."

Nilijua sindano ile huharibu masikio. Nilijua, na bado nikamwita anayefuata.

Wiki iliyofuata aliingia akishika ukuta asianguke. Hapo ndipo nilipomketisha nikamsikiliza. Kifua kilikuwa safi kabisa. Nikamwambia akohoe, akakohoa kama mtoto anayejisingizia ugonjwa asiende shule. Wiki sita nzima alikuwa akikaa kwenye benchi langu, na sikuwa nimewahi kumsikia akikohoa.

"Makohozi yalikuwa ya nani?"

Akaanza kulia. Yalikuwa ya mumewe. Vidonge alimpelekea. Sindano haikubebeka, basi akawa anadungwa yeye, ili tusije tukamfungia kadi na vidonge vikakatwa.

Alasiri hiyo nilimfuata hadi kwao, chumba kimoja katika nyumba za kampuni. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa blanketi, redio imefunguliwa mpaka mwisho ili majirani wasisikie kikohozi. Joto lilinikaba. Mume alikuwa ameinamia meza, mabega yakipanda na kushuka. Nilihesabu pumzi thelathini na sita kwa dakika moja.

"Sista, ukiandika jina yangu, kampuni itajua," alisema, akitafuta hewa baada ya kila maneno mawili. "Nikifutwa, hii nyumba imeenda. Nitapeleka watoto wapi?"

Kazini alikuwa amesema ana malaria, na likizo yake ilikuwa imebaki mwezi mmoja. Nilitamani kumtukana. Nikimripoti, wanalala nje. Nikinyamaza, anafia pale pale, na watoto wanaivuta hewa ile ile. Nilisimama katikati ya chumba nikaona nami nimefungiwa humo pamoja nao.

Nikalishusha lile blanketi kwa nguvu mpaka likachanika. Nikachemsha sindano kwenye sufuria yao, nikamdunga mwenyewe. Kuanzia siku hiyo mke hakudungwa tena, lakini kadi ilibaki na jina lake. Kila jioni nilipita huko na mkoba wangu, na kila asubuhi niliogopa mkubwa wangu asije akauliza dawa inaenda wapi. Watoto niliwapima kimyakimya. Hawakuwa na ugonjwa, Mungu ni mwema.

Mume alirudi kazini likizo ilipokwisha, pumzi imetulia. Siku ya sindano ya mwisho aliinuka bila kushika meza, akaizima redio, akacheka. Nilikuwa sijawahi kukisikia chumba kile kikiwa kimya.

"Mama, wekea sista chai," akasema.

Mkewe alikuwa ametugeuzia mgongo, anachambua mchele. Mume akamwita tena. Akamwita mara ya tatu, kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya barabara, kisha akanitazama. Nikajifanya nafunga mkoba.

Baadaye mke aligeuka mwenyewe, akaniona, akatabasamu.

"Sista, kumbe umefika!" akapaza sauti, kama alivyozoea. "Ngoja nipunguze hii redio tuongee."