Paka ya Mushoni wa Beni

"Hapana fungua, mama! Zitararuana!"

"Fungua weye! Leo ni soko ya Musienene, na bwana yangu anatafuta gunia."

Ni vile tulikuwa tunagombana na mushoni wa Beni, wakati ya vita. Alitukimbilia hapa Butembo na mashini kichwani, paka dume mu kitunga. Paka yangu, ile yenye ilikulaka kiatu bote ya askari pamoja na kamba, ilitaka kumaliza ile paka mugeni. Bwana yangu akaapa kuenda kuitupa hiyo ya mugeni kule Musienene siku ya soko. Mushoni hakulia. Kila asubuhi vidole vyake, vyenye harufu ya mafuta ya mashini bado iko mu pua yangu, vilipanguza paka moja na kipande ya kitenge, akakitandika kwenye ingine inalala. Kisha samaki ndogo ya ndagala huku, ndagala kule, mulango ya kufungwa katikati. "Zizoee harufu kwanza," alisema na sauti ya mutu mwenye pini mu meno. "Hata mimi, mama, nilijifunika shuka yako siku mingi mbele ya kucheka humu."

Ile siku ya soko akafungua mulango polepole, akaweka sahani moja. Nikaanza kumwambia: "Lakini hicho kicheko, nilikuwa nakingoja..." Bwana yangu akaingia. Paka zilikuwa zinakula kichwa kwa kichwa. Akaficha gunia nyuma ya mugongo.