Ng'ombe Ndani ya Ubao

Siku hizi watu wa Goma wanataka mchezo uishe kabla pombe haijapata moto. Munyakazi aliweza kukaa mbele ya mashimo thelathini na mawili ya igisoro, bao la kwetu, bila kugusa kitu, mpaka kivuli kihame kutoka goti lake moja hadi la pili, na hakuna aliyemharakisha. Nilimwona mwaka 1956 kwenye baraza la Alimasi, fundi cherehani, nilipokuwa nikingojea suruali ambayo haikuisha kushonwa.

Munyakazi aliteremsha maziwa kutoka kwao Kibati, mlimani, kila asubuhi. Ubao wa pale barazani ulichongwa na baba yake, marehemu Ndayambaje, kwa mti mwepesi wa umuko. Munyakazi mwenyewe aliuweka dau mwaka ule walipomzika mzee, na Alimasi akaushinda. Mama yake, Nyiransengimana, hakumgombeza. Aliendelea kufagia nyumba akizunguka ile nafasi tupu karibu na mlango, kana kwamba ubao bado upo. Hilo ndilo lililomuuma.

Alimasi, ambaye babu zake walikuja na biashara kutoka Maniema, alimpa nafasi moja.

"Mwezi wa saba ulete ndama jike wa ng'ombe yako Gaju," alimwambia. "Ukinishinda, utabeba ubao na ndama yako. Nikikushinda, utakuwa unaniletea maziwa ya ng'ombe yangu mwenyewe."

Basi Munyakazi akaanza kujifunza kuona mbele. Pale barazani, mkono ukigusa kete ulikuwa umekwisha kucheza, na mtu wa kuhesabu kwa kidole alichekwa mpaka arudi kwao. Ilibidi macho peke yake yatembee. Tena Munyakazi alikuwa na shida yake: alikuwa mchungaji, na mchungaji hahesabu ng'ombe, asije akawapunguza. Kwa hiyo hata kete hakuzihesabu. Alizipa majina ya ng'ombe.

Alilala kwenye majani ya mlimani, kofia usoni, akawafungulia. Bihogo alitoka shimo la kwanza, Gitare akamfuata, kila mmoja akisimama kwenye shimo lake, wakizunguka zizi kubwa lisilo na miti. Mwanzoni ukungu uliwameza kwenye kona. Aliwarudisha, akaanza upya. Majuma yalipita. Alipokuwa akitembea na vibuyu vya maziwa, juu ya mawe meusi ya volkano, alisikia kwato zao nyuma ya kichwa chake, na ziwa kule chini lilimeremeta kama mgongo wa ng'ombe aliyetoka kunyeshewa. Mwisho aliweza kuwazungusha mara tatu, na hakuna aliyepotea.

Bado Alimasi alimpiga kila walipojaribu.

"Unasoma muzuri," Alimasi alimwambia siku moja, sindano mdomoni. "Lakini unasoma mpaka pale unakula, kisha unalala. Na miye je, sina mukono?"

Munyakazi alipanda Kibati, akalala tena kwenye majani, na safari hii akafungua pia zizi la upande wa pili, la Alimasi.

Mwezi wa saba ulifika. Ndama alifungwa kwenye nguzo ya baraza. Katikati ya mchezo, kila mtu aliliona: Gitare akitoka pembeni, karibu kundi zima la Alimasi lilikuwa linaingia kwa Munyakazi. Hata mimi niliona.

"Kula, papa," alisema Habarurema, dereva wa Bunagana. "Unangojea padri abariki?"

Munyakazi alifumba macho. Kivuli kilihama. Baadaye alituambia alichokiona: kundi linaingia, zizi linajaa, kisha kule pembeni Alimasi anachukua kete mbili walizozisahau wote, na lango linafunguka, na ng'ombe wote wanatoka kwa mstari, wake na wasio wake.

Akafumbua macho, akachukua kete mbili za katikati, akazisogeza. Hazikula kitu. Watu waliguna. Alimasi aliutazama ubao muda mrefu, akavua kastabini kidoleni.

"Nani alikufundisha kulala hivi bila kula?"

"Ni weye, muzee."

Haikupita mizunguko mingi, Alimasi akabaki na kete mojamoja kila shimo, na kete iliyo peke yake haitembei. Alifungua kamba ya ndama kwa mkono wake mwenyewe.

"Siku ya Ijumaa, nikitoka musikitini, uulete ubao," alisema. "Usiniache na mashini peke yake."

Nilimsindikiza Munyakazi hadi Kibati, nikimswaga ndama. Leo vijana wamepasua mbao za namna ile kuwa kuni, na hawajui walichoma nini. Munyakazi aliuweka ubao karibu na mlango. Nyiransengimana aliutazama, akachukua ufagio, akafagia akiuzunguka, vilevile kama zamani.